Mguu unaburuta, mguu unaganda: namna ya kumsaidia mgonjwa wa Parkinson atembee

Mzee wangu amevua samaki ziwani karibu miaka thelathini, baadae akawa anashona nyavu hapa nyumbani Kirumba, Mwanza, na kitu cha kwanza kutuonyesha kwamba hayuko sawa haikuwa mkono kutetemeka, ilikuwa ni kiatu. Raba ya mguu wa kulia ilikuwa inaisha mbele pale kwenye kidole gumba wakati kisigino bado kizima kabisa, na sisi tukasema ah ni uzee huo. Zahanati moja nayo ikasema ni uzee. Imechukua muda mpaka akapewa jina la ugonjwa wake, na toka siku hiyo mimi ndo nakaa nae, kwa hiyo haya ninayoandika ni ya fizio (mtaalamu wa mazoezi ya viungo) na madaktari walivyotufundisha pamoja na yale tuliyoyaona wenyewe hapa ndani. Kama una mzazi, babu au bibi mwenye Parkinson na kutembea ndo kunamshinda, soma taratibu maana sehemu ya mwanzo ndo muhimu kuliko zote.

Jambo lenyewe ni hili: usianze kununua fimbo wala kifaa chochote kabla hujajua ni mguu wa aina gani. Watu wanasema tu "mguu umekufa", kumbe mguu wa Parkinson mara nyingi haujafa, nguvu ipo ila ile amri ya kujiendesha wenyewe ndo imekatika. Kwenye ubongo kuna seli zinazotengeneza kitu kinaitwa dopamini na hizo seli zinakufa taratibu. Dopamini ndo inafanya wewe utembee huku unaongea na simu bila kufikiria miguu, ikipungua hatua zinakuwa fupi, kisigino hakitangulii, mkono haupepei, mgonjwa anakuwa kama anasota na sakafu. Lakini akifikiria hatua yenyewe, au akipewa kitu cha kufuata, anaweza. Sisi tulikuwa tunamvuta mkono na kumwambia "baba inua mguu, haraka kidogo", tukawa tunazidi kumharibia.

Sasa mpime hivi nyumbani. Mkalishe kwenye kiti kigumu, viatu avue, visigino viwe chini, mwambie ainue vidole na sehemu ya mbele ya wayo, mguu mmoja halafu mwingine. Fanya saa moja baada ya kumeza dawa ili iwe imeshika.

Akiinua vizuri akiwa amekaa ila akisimama kutembea anaburuta, hiyo ni Parkinson yenyewe, mwendo wake umefupika. Dawa yake ni mazoezi na alama, nitaeleza chini.

Akishindwa kuinua hata akiwa amekaa ametulia, wayo unaning'inia tu, na akitembea ananyanyua goti juu kama mtu anayevuka tope halafu wayo unatua "pa!", hapo kuna kitu kingine juu ya Parkinson. Mara nyingi ni mshipa wa fahamu umeminywa. Kuna mshipa unapita nje ya goti, chini yake kidogo, pale kwenye kile kifupa unachoweza kukigusa kwa kidole, na pale hauna nyama ya kuulinda. Mtu akikaa muda mrefu amekunja nne, au amechuchumaa, au analalia upande mmoja usiku kucha bila kugeuka (na wagonjwa wa Parkinson kujigeuza kitandani ni shida), unaminywa pale pale. Mzee wangu alikuwa anakaa chini amekunja miguu anashona nyavu toka asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri! Mguu wa kulia ulikuwa na vyote viwili, Parkinson na huo mshipa, na ingekuwa hatujapima tungeendelea kuongeza vidonge bure. Sababu nyingine za wayo kuning'inia ni diski ya mgongo wa chini, kisukari cha siku nyingi, na kiharusi.

Ya tatu, asubuhi kabla ya dawa vidole vinajikunja kwenda chini, wayo unapinda kwenda ndani na unauma sana, baada ya kidonge unalegea. Hiyo ni misuli kukaza kwa sababu dawa ya jana imeisha mwilini. Usimfunge splinti (kifaa cha kushikilia wayo) kwa ajili ya hiyo, mwambie daktari muda unaotokea ili apange dozi ya usiku au ya alfajiri.

Ya nne ni kuganda. Anatembea vizuri, akifika mlangoni miguu inagoma kama imepigwa gundi, mwili wa juu unaendelea, anaanguka kifudifudi.

Mgonjwa mmoja anaweza kuwa na zaidi ya moja. Andika kwenye daftari ipi inatokea saa ngapi na kidonge alimeza saa ngapi, siku saba tu, uende nalo kliniki. Hilo daftari lilitusaidia kuliko maelezo yote tuliyokuwa tunayatoa kwa mdomo.

Na tafadhali, hii usisubiri kliniki: mguu uliolegea ghafla, upande mmoja, hasa kama mdomo umeenda upande au maneno hayatoki vizuri, hicho ni kiharusi mpaka daktari akatae, kodi gari muda huo huo. Vilevile miguu yote miwili ikilegea pamoja na ganzi sehemu za siri au kushindwa kuzuia mkojo au choo, ni mgongo, na ni dharura.

Wayo unaoning'inia

Kwanza ondoa kinachominya mshipa. Hakuna kukunja nne, hakuna kukaa chini kwa masaa. Mzee tumempa kiti cha mgongo na nyavu tumezitundika kwenye mti, anashona akiwa amekaa wima, na kila baada ya nusu saa anasimama. Choo kama ni cha kuchuchumaa tafuta kile kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati, mafundi wanatoboa wenyewe, au fundi selemala akutengenezee cha mbao, weka na bomba la kushika ukutani. Mshipa uliominywa tu mara nyingi unarudi wenyewe ndani ya wiki au miezi ukiacha kuuminya, kwa hiyo usikate tamaa mapema.

Wakati unasubiri urudi, wayo unahitaji kushikiliwa. Ipo splinti ya plastiki inayopita nyuma ya kigimbi mpaka chini ya wayo, inavaliwa ndani ya kiatu. Isinunuliwe mtaani kwa kukisia saizi, ipimwe kwenye mguu wake. Kwa huku Mwanza anzia fizio pale hospitali ya Sekou Toure au Bugando, wao watakuelekeza kwa mafundi wa viungo, hawa wamesomea kazi hiyo, kuna chuo chao Moshi pale hospitali ya KCMC kinaitwa TATCOT kipo toka mwaka 1981. Mwambie fundi mapema kwamba mgonjwa ana Parkinson, kwa sababu splinti ngumu sana inazuia kifundo kukunja na mtu akitaka kuinuka kwenye kiti inamrudisha nyuma. Mwambie asimame na kukaa mara tano akiwa ameivaa kabla hamjaondoka hapo.

Kama shida ni ndogo kuna njia ya mpira: kamba laini ya elastiki inashikwa kwenye kamba za kiatu na juu inafungwa kwenye mkanda mpana juu ya kifundo, inavuta ncha ya kiatu juu kidogo. Isikaze. Kila jioni vua uangalie ngozi, ukiona wekundu ambao haujaondoka baada ya dakika 20 au malengelenge, acha kuvaa mpaka ukaonyeshe. Kwa mwenye kisukari usifanye hii ya kujifungia bila fizio kuona kwanza, kwa sababu akipata kidonda hatakisikia.

Viatu: ndala hapana. Najua joto, najua wazee wetu wamezoea ndala na yeboyebo, lakini ndala inahitaji vidole viishike na hivyo vidole ndo havifanyi kazi. Tafuta kiatu chepesi cha kufunga, kisigino kifupi, kinachoshika nyuma. Soli isiwe ya kuteleza ila pia isiwe ile ya mpira unaong'ang'ania sakafu, maana anayeburuta akikwama na soli mwili unaenda wenyewe. Sisi fundi viatu alimpunguza ncha ya mbele ikainuka kidogo na kujikwaa kulipungua siku hiyo hiyo.

Mguu unaoganda

Hapa ndo tumejifunza zaidi, na hapa ndo ningetaka kila anayeuguza akae kidogo.

Kuganda kunapenda sehemu nne: mlangoni, kwenye kugeuka, sehemu nyembamba yenye watu, na pale mtu anapofanya mambo mawili pamoja au anapoharakishwa. Ukimkuta ameganda, usimvute mkono. Ukimvuta kifua kinakuja, miguu inabaki. Mwambie kwa sauti ya kawaida asimame kabisa, asilazimishe. Avute pumzi, anyooke mgongo maana mara nyingi anakuwa ameinama na uzito upo kwenye vidole. Halafu ayumbe pole pole kulia, kushoto, kulia, uzito uhame mguu mmoja kwenda mwingine, na mguu usio na uzito ndo utangulie kwa hatua MOJA kubwa. Sio tano ndogo. Kama haijafanya kazi, weka mguu wako mbele yake kwa upande, kama kizingiti, mwambie avuke. Atavuka. Mara ya kwanza naona mtu aliyesimama dakika mbili anashindwa kusogea sentimita anavuka mguu wangu kama hana ugonjwa nililia, na mzee akaniuliza unalia nini mwanangu, mbona natembea.

Hiyo siri ya kuvuka ndo inatumika kwenye mistari. Pale anapoganda kila siku, kwetu ni mlango wa sebuleni na koridoo ya kwenda choo, bandika selotepu ya rangi inayoonekana, kama sakafu ni ya saruji nyeusi tumia nyeupe au njano. Mistari iwe ya kukata njia, umbali wa hatua yake nzuri, pima dawa ikiwa imeshika, ya mzee wetu ilikuwa kama sentimita 45. Anza mistari kabla ya mlango na ivuke mpaka ng'ambo, ukiishia kizingitini anagandia kizingitini. Kwa nje kwenye udongo tulichora kwa majivu, mvua ikinyesha tunachora tena.

Njia nyingine ni sauti. Wengine wanaweka programu ya metronomu kwenye simu, ile inayogonga mapigo yaliyo sawasawa, ni nzuri, hesabu kwanza hatua zake kwa dakika anapotembea vizuri uweke namba hiyo hiyo au chini yake kidogo, usiweke ya kumkimbiza. Kwa mzee metronomu ilikuwa inamkera. Kilichomfaa ni mapigo ya ngoma, Wasukuma wenzangu mnaijua bugobogobo, ile ya kulimia, jembe linapanda na kushuka pamoja na ngoma, ujanani alilima kwa hiyo. Mjukuu anapiga ndoo, babu anatembea uani, na mwendo unakuwa mrefu kabisa. Akiwa peke yake anahesabu moja mbili moja mbili kwa sauti ya chini, au anaanza na ile "harambee!" waliyokuwa wanavutia mtumbwi. Tafuta kitu ambacho mwili wake ulishakizoea toka zamani, sio lazima kiwe chetu.

Kugeuka: asizunguke papo hapo kwa mguu mmoja, huko ndo wanaangukia wengi. Azunguke kwa duara pana kama pantoni inavyogeuka pale Kamanga, inachukua nafasi yake. Kama nafasi ni finyu, jikoni mfano, afikirie uso wa saa: miguu yote iangalie namba 12, anyanyue akanyage namba 3, kisha namba 6. Kunyanyua na kukanyaga, bila kusota.

Halafu jambo moja moja. Akitembea usimuulize habari, usimpe sufuria abebe, simu ikiita asimame kwanza ndo apokee. Familia yetu tuna sheria, mtu akitaka kumsalimia mzee anasubiri afike kwenye kiti. Wageni mwanzo waliona kama dharau, sasa wameelewa.

Kuinuka kwenye kiti nako kuna mpangilio: asogee mpaka ukingoni, miguu irudi nyuma ya magoti kidogo, ainame mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, ahesabu hadi tatu na asukume. Ukimvuta kwapa unamuumiza bega na anaegemea nyuma.

Mazoezi yafanyike dawa ikiwa imeshika, sio asubuhi kabla. Sisi tunafanya kila siku: kuinua vidole akiwa amekaa, mara 10 kwa raundi tatu, kisha kuegemea ukuta mguu mmoja nyuma na kisigino chini ili kigimbi kivutike, sekunde 30 kila upande, kusimama na kukaa mara 10, halafu kutembea hatua kubwa kwa makusudi, akiwaza kisigino kitangulie, dakika 10 mara mbili. Hatua ambayo yeye anaiona imezidi ukubwa, ukiipima ni ya kawaida. Mkumbushe hilo kila siku maana anaona aibu.

Vidonge na sahani

Kama dawa yake ya Parkinson ni levodopa (inakuja pamoja na carbidopa kwenye kidonge kimoja), saa yake ni saa yake. Miguu ya mzee naijua kwa saa: kidonge kikichelewa nusu saa, koridoo haipitiki. Simu yangu ina alamu nne. Chakula chenye protini nyingi kinagombania njia na hiyo dawa, sasa fikiria watu wa ziwani, sato asubuhi dagaa mchana. Ameze nusu saa au zaidi kabla ya kula, na maji ya kutosha. Usimnyime samaki, atakonda na kukonda kunaangusha pia, ni kupanga muda tu, na daktari anaweza kukushauri samaki na nyama viwe zaidi mlo wa jioni. Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma visiliwe pamoja na levodopa, vitenganishwe masaa. Asipopata choo dawa inachelewa kuingia, kwa hiyo papai, mboga, maji.

Usimuachishe ghafla hata siku moja eti dawa imeisha dukani, mwili unaweza kukakamaa na homa kali ikaingia, nunua mapema kabla boksi halijaisha. Na sindano au kidonge cha kuzuia kutapika kinachoitwa metoklopramide kinazuia dopamini, kinamrudisha nyuma mgonjwa wa Parkinson. Mzee alichomwa sindano hiyo sehemu fulani kwa sababu ya kutapika, siku mbili hakutembea. Sasa nimeandika jina la ugonjwa na jina la hiyo dawa kwenye karatasi, ipo kwenye waleti yake.

Pima na presha akiwa amelala, kisha akiwa amesimama dakika moja na dakika tatu. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, anguko la kutoka kitandani linaweza kuwa la presha wala sio mguu. Akae ukingoni mwa kitanda kama dakika mbili, achezeshe nyayo, anywe maji, ndo asimame, na mwambie daktari.

Ndani na barabarani

Mikeka na vitambaa vinavyojikunja toa. Waya za tivii toa. Usiku weka taa ndogo ya kuchaji maana umeme ukikatika gizani hata mistari haionekani, na ndoo au chupa ya mkojo iwe karibu, safari ya choo cha nje saa nane usiku haina sababu.

Fimbo iwe urefu wa kifundo cha mkono akiwa amesimama wima. Woka (fremu ya kushikilia wakati wa kutembea) ya kunyanyua isiyo na magurudumu inakatiza mwendo wa wengi wenye kuganda, bora ya magurudumu yenye breki, ila ajaribu kwa fizio kwanza maana ya magurudumu inaweza kumkimbia. Na kwenye mawe yetu haya, wanaoishi Bugarika au Igogo juu huko mnanielewa, woka haipandi kabisa. Kule ni ngazi zenye bomba la kushika, kingo zake zipakwe rangi nyeupe, kupanda mguu mzima utangulie, kushuka mguu mbovu utangulie, na wewe mlezi ukae chini yake sio juu. Mchanga wa ufukweni ni mgumu kwa wayo unaoning'inia, mzee akitaka kwenda kuona mitumbwi tunapita pale palipolowa na kukaza.

Bodaboda hapana. Wayo hauwezi kukaa kwenye kikanyagio, unateleza, na ekzosi iko pale pale. Chukua bajaji: arudi kinyumenyume mpaka vigimbi viguse kiti, akae kwanza, ndo aingize miguu. Daladala kama hamna budi, pandieni kituo cha mwanzo sio njiani, na kabla mzee hajaweka mguu nenda kwa konda mwambie, "Kaka, baba ana ugonjwa wa mishipa ya fahamu, ukisema twende twende ataganda mlangoni, naomba dakika moja." Wengi wanaelewa, wengine hata wanashuka kusaidia, na hapo mwambie asimvute, amuwekee tu mguu wake mbele ya ngazi mzee auvuke.